Vurugu Izuiayo Mwendo

Mtu aitazamaye Kariakoo katika ramani huona mahali palipopangwa kwa rula: mitaa imenyooka, imekatana kwa pembe mraba, na viwanja vilivyobaki kati ya mtaa na mtaa vina ukubwa ulio karibu sawa, kiasi kwamba mgeni aliyekwisha kulifahamu pande moja hudhani kwamba ameyafahamu yote. Mtu huyohuyo akishuka katika Mtaa wa Kongo saa nne ya asubuhi, siku za karibu na sikukuu, hataiona rula wala pembe. Ataona meza za machinga zilizotambaa hadi katikati ya njia, marobota ya nguo yaliyoshushwa sasa hivi, guta lililokwama na mwenyewe akipiga kelele apishwe, na winga amvutaye mteja kwenda katika duka la tajiri wake. Kila njia panda ina kikwazo chake, kikubwa au kidogo, na hapana awezaye kukikadiria kikwazo cha njia panda ya pili kwa kukitazama cha ile ya kwanza. Mpango upo chini. Vurugu ipo juu yake.

Hali hiyo, ya mpango na vurugu kukaa katika nyumba moja, ndiyo iliyokuwa maudhui ya makala iliyochapishwa Marekani mwezi wa Machi 1958 katika jarida la Physical Review, na mwandishi wake alikuwa Philip Anderson, mwanafizikia kijana wa maabara za kampuni ya simu ya Bell katika jimbo la New Jersey. Yeye, bila shaka, hakuwa na habari za Kariakoo. Alikuwa akifikiri juu ya fuwele, yaani vitu vigumu ambavyo atomu zake zimejipanga safu kwa safu, na juu ya elektroni, zile chembe ndogo zichukuazo umeme, zipitazo baina ya atomu hizo. Tangu mwaka 1928 mwanafizikia Felix Bloch alikuwa amekwisha kuonyesha jambo la kustaajabisha, nalo ni kwamba elektroni iliyo ndani ya fuwele kamili, isiyo na doa wala mtetemo, haizuiwi na atomu hata moja, bali hupita moja kwa moja, na kwamba upinzani uzifanyao nyaya za umeme zipate joto hautokani na atomu zenyewe, ila hutokana na kasoro za mpango wao na mtikisiko wao. Wataalamu wakaamini, kwa muda wa miaka 30, kwamba kasoro zikizidi mwendo wa elektroni utapungua, na zikizidi tena utapungua tena, lakini mwendo hautakosa kuwapo. Anderson akasema hasha. Upo mpaka ambao vurugu ikiuvuka elektroni haichelewi tu, bali hutuama: katika baridi kali iliyoondoa mtetemo wote, hubaki katika ujirani wa pale ilipoanza, na hata ikipewa umri wa ulimwengu mzima haitafika mbali.

Kilichomsukuma kwenye dai hilo ni majaribio ya George Feher, mwenziwe katika maabara zizo hizo, juu ya silikoni iliyotiwa fosforasi kidogo, ambamo hali iliyowekwa katika elektroni za fosforasi haikusambaa kwa jirani zake kama ilivyotazamiwa, bali ilidumu mahali pake kwa muda mrefu kupita matarajio yote. Makala ya Anderson ilisomwa na wachache na kuaminiwa na wachache zaidi, jambo ambalo mwenyewe alilikiri mwaka 1977, alipopokea Tuzo ya Nobel pamoja na Nevill Mott wa Uingereza na John Van Vleck, aliyekuwa mwalimu wake huko Harvard. Wala si ajabu kwamba haikuaminiwa, maana dai lenyewe linapingana na kila jambo ambalo mtu wa mguu hulijua juu ya safari.

Na tumtazame kwanza huyo mtu wa mguu. Tuseme kwamba mchukuzi mgeni amepewa mzigo Kariakoo bila ya kuambiwa duka, naye, kwa kuona haya ya kuuliza, akaamua kwamba kila afikapo njia panda atafuata moja ya njia nne itakayomjia kwa bahati, hata ikiwa ni ile aliyotoka. Baada ya kupita njia panda 100 hatakuwa mbali kwa kiasi cha 100, bali takriban 10 tu kutoka alipoanza. Baada ya 10,000 atakuwa mbali kwa kiasi cha 100. Mwendo wake ni wa kusikitisha, lakini ni mwendo. Apewe muda naye atatokea Ilala, na apewe zaidi ataonekana Ubungo. Mwaka 1921 George Pólya, mwanahisabati wa Hungaria aliyekuwa akifundisha Zürich, alimtolea msafiri wa namna hii hukumu kamili, na yasemekana kwamba hoja yenyewe ilimjia baada ya kukutana tena na tena msituni, kwa bahati tupu na kwa fedheha isiyo ndogo, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa akitembea na mchumba wake. Alithibitisha kwamba msafiri wa bahati aendaye katika mstari mmoja, au katika uwanda wa mitaa ikatanayo, lazima siku moja atarudi alipoanza. Lakini mwenye pande tatu za kwenda, awezaye kupanda na kushuka pia, huenda asirudi kamwe, maana uwezekano wake wa kurudi ni kama 34 tu katika 100. Msomaji aiweke hukumu hiyo akiba, kwa kuwa tutaihitaji.

Elektroni haichagui njia. Elimu ya kwantamu, iliyokamilika misingi yake katika miaka ya 1920, hufundisha kwamba maadamu hakuna aliyeipima, elektroni huenea kama wimbi na kupita njia zote kwa wakati mmoja, na uwezekano wa kuikuta mahali fulani hupatikana kwa kuyajumlisha mawimbi yote yafikayo hapo, ambayo hupandana kilele juu ya kilele yakazidishana, au kilele juu ya bonde yakafutana. Zingatia sasa njia ya mzunguko, itokayo katika njia panda fulani, ikapita Narung'ombe, ikaikata Sikukuu, ikarejea kwa mitaa mingine hadi pale pale ilipoanza. Mzunguko huo waweza kwendwa kwa mkono wa kulia, na waweza kwendwa kwa mkono wa kushoto. Vikwazo ni vile vile, ila mfuatano wake umepinduliwa, na urefu wa njia haukubadilika. Kwa hiyo mawimbi mawili yaliyozunguka kwa pande mbili tofauti hurejea yakiwa yamelingana kabisa, kilele juu ya kilele, hata vikwazo vyenyewe viwe vya namna gani. Mahali pengine pote mawimbi hukutana ovyo ovyo, hapa yakaongezana na pale yakaangamizana; nyumbani peke yake ndipo yanapokutana kwa miadi.

Hesabu yake si ngumu. Mawimbi mawili yaliyo sawa yakipandana, kimo huwa mara mbili, na kwa kuwa uwezekano hupatikana kwa kukizidisha kimo kwa nafsi yake, huwa mara nne, ilhali kwa mchukuzi wetu njia mbili zingempa mara mbili tu. Elektroni, basi, ina uwezekano wa kurudi nyumbani uliozidi maradufu ule wa msafiri wa bahati, na hilo si kwa sababu ya kitu kinachoivuta, bali kwa sababu ya ulinganifu ambao vurugu haiwezi kuuvunja. Vikwazo vikizidi, mizunguko huzidi. Mizunguko ikizidi, marejeo huzidi. Na penye mpaka wake wimbi hukunjamana katika eneo dogo, nje ya eneo hilo likafifia upesi mno. Hapo ndipo hukumu ya Pólya inapoingia. Mwaka 1979 wanafizikia wanne, Abrahams, Anderson mwenyewe, Licciardello na Ramakrishnan, walitoa hoja kwamba katika mstari mmoja na katika uwanda, ambamo hata msafiri wa kawaida hana budi kurudi, vurugu yoyote, ingawa ndogo namna gani, hutosha kuituamisha elektroni; bali katika pande tatu, ambamo msafiri huweza kutoroka, vurugu ndogo huiacha ipite na vurugu kubwa huizuia, na kati ya hali hizo mbili pana mpaka ulio bayana.

Jambo hili si la elektroni peke yake, kwani ni tabia ya kila kiendacho kwa wimbi. Mwaka 2008 makundi mawili ya watafiti, moja la Palaiseau karibu na Paris na jingine la Florence, yalizipoza atomu nzima nzima hadi karibu na kikomo cha chini cha baridi, yakaziachilia katika njia zilizotiwa mpangilio uliovurugika kwa miale ya leza, yakazipiga picha zikiwa zimetuama. Baada ya nusu karne dai la Anderson likawa jambo la kutazamwa kwa macho.

Kama limekwisha kuonekana, wanahisabati wanatafuta nini tena? Swali hili huulizwa sana, tena aghalabu kwa kebehi, na mimi naona kwamba lastahili jibu la heshima. Mwanafizikia akionyesha kwa hoja njema na kwa kompyuta kwamba elektroni imetuama katika mitaa milioni, huridhika. Mwanahisabati huuliza juu ya mitaa isiyo na idadi na muda usio na mwisho, na huko hoja njema nyingi zimepata kufa. Ugumu wenyewe ni huu: katika vurugu isiyo na mwisho, bahati itazaa mahali pawili palipo mbali sana lakini penye vikwazo vinavyofanana karibu sawasawa, na wimbi lililotuama pa kwanza laweza kuvuja hadi pa pili, kisha pa tatu, na hivyo likatoroka kwa kurukaruka. Mwenye kudai kwamba elektroni imetuama lazima aonyeshe kwamba mafanano ya namna hiyo ni adimu kiasi cha kutodhuru, tena si katika vurugu hii au ile, bali katika karibu kila vurugu ambayo bahati ingeweza kuizaa.

Wa kwanza kufaulu walikuwa Goldsheid, Molchanov na Pastur, katika Muungano wa Kisovieti, mwaka 1977, nao walishughulika na mstari mmoja tu. Mwaka 1983 Jürg Fröhlich wa Zürich na Thomas Spencer wa Marekani walitoa njia iliyofungua pande zote: walianza na kisanduku kidogo, wakaonyesha kwamba ndani yake wimbi aghalabu hufifia, wakavipanga visanduku hivyo katika kisanduku kikubwa zaidi na kuonyesha kwamba vile vibaya ni vichache, wakaendelea kupanda daraja baada ya daraja bila ya kikomo, na ndani ya miaka michache wao na wengine wakaithibitisha hali ya kutuama kwa kila idadi ya pande, ilimradi vurugu ni kubwa. Ithibati hiyo ilikuwa ndefu na nzito, na mwaka 1993 Michael Aizenman na Molchanov walipata nyingine fupi, ya kupendeza mno, iwezayo kuandikwa katika kurasa chache. Hata hivyo ithibati hizo zilihitaji vikwazo viwe vya viwango vingi mfululizo. Vikiwa vya namna mbili tu, kama vinavyoamuliwa na sarafu irushwayo, kazi huwa ngumu kuliko mtu adhaniavyo, na kwa uwanda wa njia panda haikukamilika, tena kwa sehemu tu ya viwango vya nishati ya elektroni, hadi Jian Ding na Charles Smart walipochapisha makala yao mwaka 2020.

Na kubwa kuliko yote halijathibitishwa hadi leo. Hapana aliyethibitisha kwamba katika pande tatu vurugu ndogo huiacha elektroni ipite, ijapokuwa kila waya wa shaba uliomo mjini hushuhudia hivyo usiku na mchana. Wala hapana aliyethibitisha kwamba katika uwanda vurugu yoyote huizuia. Mwaka 2000 Barry Simon, bingwa wa hisabati ya kwantamu wa California, alipoandika orodha ya mafumbo 15 ya kuiachia karne mpya, hayo mawili aliyaweka la kwanza na la pili. Kwangu mimi hilo la waya wa shaba ndilo lenye ladha zaidi, kwa sababu linatuonyesha kwamba kulizoea jambo na kulijua sababu yake ni vitu viwili vyenye umbali mkubwa baina yao.

Miongoni mwa wanaoishughulikia elimu hii leo yupo profesa wa hisabati ambaye kazi yake, kwa njia ndefu kidogo, imefika hata katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo. Naye ni Svitlana Mayboroda, mzaliwa wa Kharkiv katika Ukraine, aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Minnesota na baadaye akaenda Zürich. Mwaka 2009 yeye na Marcel Filoche, mwanafizikia wa Palaiseau, walichapisha uchunguzi juu ya bamba jembamba litetemalo, wakaonyesha kwamba bamba hilo likibanwa katika nukta moja tu ndani yake, mtetemo waweza kukusanyika upande mmoja na kuuacha upande wa pili ukiwa shwari. Kutoka hapo wakaliendea swali la Anderson kwa mlango ambao haukuwa umebishwa. Desturi ilikuwa kuyatafuta mawimbi yote, moja baada ya jingine, maelfu kwa maelfu, ili kujua kila moja limetuama wapi. Wao, mwaka 2012, walionyesha kwamba mlinganyo mmoja hutosha kuonyesha makao hayo, mlinganyo mwepesi ambao upande wake wa kulia umeandikwa 1 kila mahali.

Maana yake kwa lugha ya mkono ni hii: chukua utando uliobanwa kingo zake zote, wenye ugumu na ulaini uliotawanywa kwa bahati kama vilivyotawanywa vikwazo, kisha usukume kutoka chini kwa nguvu iliyo sawa kila mahali. Utavimba hapa na kubonyea pale. Vilima vya utando huo ndiyo makao ya mawimbi, na mabonde yaliyo baina ya vilima ndiyo mipaka ambayo wimbi dhaifu haliivuki. Mwaka 2016 wakaongeza, pamoja na wenzao watatu, kwamba ukigawanya 1 kwa kimo cha utando katika kila nukta hupata kuta halisi ziizuiazo elektroni, kuta ambazo hazionekani kabisa katika vurugu yenyewe ukiitazama kwa macho matupu. Uzuri wa jambo hili, kwa maoni yangu, ni kwamba halikuhitaji kompyuta kubwa zaidi wala hesabu ndefu zaidi, bali lilihitaji mtu wa kuuliza swali dogo kuliko lile lililozoeleka.

Sasa na tuingie dukani. Taa nyeupe zitumiazo umeme kidogo, zinazouzwa Kariakoo kwa jumla na kwa rejareja, na zinazosafirishwa kutoka hapo pamoja na paneli za sola hadi vijiji visivyofikiwa na nguzo za umeme, zina kitu kimoja kinachowaka ndani yake: kipande cha fuwele ya galiamu na naitrojeni, chenye upana wa milimita moja au pungufu, ambacho katikati yake zimelazwa tabaka nyembamba mno, za unene wa nanomita chache, zilizochanganywa na indiamu. Tabaka hizo hutoa mwanga wa buluu, na unga wa manjano uliopakwa juu yake huugeuza sehemu yake, na macho yakauona wote kuwa mweupe. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kuuvumbua mwanga huo wa buluu. Lakini taa hiyo ilikuja na fumbo. Fuwele zake ni mbovu kupita kiasi, maana katika eneo la sentimita moja ya mraba mna nyufa ndogo ndogo za mpango wa atomu zifikazo milioni 100 na zaidi, na elektroni iangukayo katika ufa wa namna hiyo hupoteza nishati yake kwa joto bila ya kutoa mwanga. Fuwele za aina nyingine zenye ubovu kama huo zingekuwa giza tupu. Hii huwaka.

Jibu ambalo wataalamu wengi wamelikubali ni la Anderson. Atomu za indiamu hazikupangwa. Kila moja imekaa mahali ilipoangukia kwa bahati, nyingi hapa na chache pale, na vurugu hiyo huzishika elektroni katika vieneo vidogo kabla hazijaufikia ufa. Mhandisi atakaye kuiboresha taa hana budi kuihesabu vurugu hiyo atomu kwa atomu, na hesabu ya namna hiyo, ikifanywa kwa njia ya zamani, ilikuwa ikichukua muda mrefu kiasi cha kutofaa kwa kazi. Mwaka 2017 Filoche, Mayboroda na wataalamu wa taa wa Palaiseau, Santa Barbara na Taiwani walichapisha makala tatu zilizofuatana, ambamo mlinganyo ule wa utando uliingizwa katika hesabu ya taa, na kazi ikapungua maradufu nyingi. Wauzaji wa taa hawana haja ya kuyajua hayo, wala sitadai kwamba bei ya jumla ilishuka kwa ajili yake. Nasema tu kwamba kitu kilichofungwa katika boksi lile ni vurugu iliyopatiwa kazi ya maana.

Hadi hapa tumemzungumza msafiri mmoja. Zikiwa elektroni nyingi, zinazosukumana na kupashana habari, swali huwa zito zaidi, kwa sababu kila moja yaweza kumkwamua jirani yake. Kwa desturi ya ulimwengu, vitu vingi vikiachwa pamoja hufikia ulingano: kikombe cha moto hupoa, na baada ya muda hakikumbuki kwamba kilikuwa na moto. Mwaka 2006 Basko, Aleiner na Altshuler walitoa hoja kwamba katika vurugu kubwa hata umati wa chembe waweza kukwama usiufikie ulingano huo kamwe, na mwaka 2016 John Imbrie wa Virginia akatoa ithibati kwa chembe zilizopangwa katika mstari mmoja, akiitegemeza juu ya dhana moja aliyoiona kuwa ya busara. Tangu mwaka 2019 wengine wametia shaka, wakisema kwamba huko si kukwama, bali ni kuchelewa kupita kiasi. Kompyuta hazijaweza kukata shauri, kwani kila chembe inapoongezwa ukubwa wa hesabu huwa maradufu, na chembe ziwezazo kuhesabiwa kwa ukamilifu ni kama 20 na ushei tu.

Katika mabishano hayo ndimo lilimoingia jina la Mtanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, huko Usambara, alitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa, na kwa hofu ya kukosa nafasi katika jokofu akayaweka yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenziwe yasiyochemshwa. Walimu hawakumsadiki. Alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni aliyekuja kutoa mhadhara, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walimcheka. Osborne, kinyume chao, alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakaandika makala pamoja katika jarida la Physics Education.

Kama maji ya moto huganda kabla ya ya baridi bado ni ubishi, na mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa uangalifu wasione ushahidi wa kuwatosha. Bali swali la Mpemba limevuka mipaka ya maji: je, kilicho mbali zaidi na ulingano chaweza kuufikia kabla ya kilicho karibu? Mwaka 2023 Ares, Murciano na Calabrese wa Trieste walionyesha kwa hesabu kwamba katika safu za chembe za kwantamu jambo hilo hutokea, safu iliyovunja ulinganifu wake zaidi, ambayo ndiyo iliyo mbali zaidi na ulingano, ikaurejesha mapema zaidi, na mwaka uliofuata likaonekana katika maabara ya Innsbruck, kwa atomu zilizonaswa katika utupu na kuongozwa kwa leza. Mwaka huo huo wa 2024 watafiti wa China walilipeleka swali hilo katika safu zilizojaa vurugu, zile zinazosemekana kuwa hazifikii ulingano kamwe. Walikuta kwamba ndani ya kila sehemu ndogo ya safu ulinganifu hurejea ijapokuwa joto halisawaziki, na kwamba yale yaitwayo na wataalamu matokeo ya Mpemba huonekana humo hata safu ianze kwa mwelekeo wowote, ilhali katika safu zisizokwama hutegemea mwanzo uliochaguliwa.